Uzi wa Pamba Kiunoni mwa Limi

Juzi nilimpeleka mdogo wangu Limi kwa fundi cherehani pale Nyasubi, ashonewe gauni la Krismasi. Fundi niliyemzoea amerudi kwao. Kwenye kiti chake sasa anakaa mwanamke wa makamo, mcheshi, anayeongea huku pini amezibana midomoni. Alipozungusha futi kamba kiunoni mwa Limi, Limi akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kutulia hivyo, macho ameyafumba, akitabasamu. Hakuna aliyemwambia ainue. Fundi akasema, "Huyu anaujua upimaji, jamani," akacheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Mikono ile niliiona ikiinuka vilevile zamani sana, katika nyumba ya nyasi upande wa Kharumwa, Limi hajajua hata kutembea, na aliyekuwa akimpima kiuno ni mimi.

Wenzangu wa rika langu waliolelewa vijijini kwetu wanaukumbuka uzi wa kiunoni. Mtoto akishakauka kitovu, mama humfunga uzi, na kwa uzi huo huzijua habari za mtoto bila kumuuliza mtu. Wa Limi mama yetu aliusokota mwenyewe pajani, kwa pamba iliyosalia chini ya kitanda baada ya mauzo, akaupitisha kwenye ushanga mmoja wa buluu. Nilikuwa nimekaa karibu yake nikichambua mlenda. Alifunga fundo la kufunguka, akaacha mkia mrefu wa kurefushia, akaniambia, "Uzi ukibana, mshukuru Mungu, mtoto anakua. Ukilegea, usikae, ita watu."

"Ndiyo, mayu," nikamwitikia. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nyumbani hatukuwa na neno lingine la kumwitia.

Limi alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Kabla hajasimama alikuwa akimwiga jogoo, na jogoo akimjibu. Ukificha kijiko nyuma ya mgongo, atatambaa akuzunguke akichukue. Mama alikuwa akimtazama na kusema, "Huyu atakuwa mwalimu, huyu. Atatuuliza maswali mpaka tukome."

Baba hakumwona akifanya hayo. Pamba ilipoharibika alikwenda kwenye dhahabu na wenzake, na duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, likawafukia. Mama alibaki nasi watatu: mimi, Mabula aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na Limi mgongoni. Kikohozi kilimwanza mama wakati wa palizi. Ilipofika kuvuna hakuweza kuinama. Karanga za mwaka ule tulizing'oa mimi na Mabula, yeye amekaa pembeni kwenye mkeka akichagua zile nono kwa mbegu. Alizijaza kwenye kibuyu kikubwa, akauziba mdomo wake kwa majivu yaliyokandwa na samadi mbichi, akabonyeza kwa vidole vitatu kuzunguka pande zote mpaka pakashika. Kibuyu tukakitundika juu ya mafiga, moshi ufukuze wadudu.

"Mbegu hailiwi," akaniambia, akipumua kwa shida. "Hata njaa ikoje. Anayekula mbegu anakula mwaka ujao. Mvua ikija mpande. Na msitawanyike."

Hakuiona mvua hiyo.

Matanga yalipoisha, baba mkubwa alisimama uani kwetu mbele ya wazee akatugawa. Hakutugawa kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika.

"Mabula atakuja kwangu kuchunga. Wewe binti utakwenda kwa shangazi yako. Huyu mdogo, wajomba zake wa Bukombe watamchukua."

"Hapana, baba," nikasema.

Wazee waligeuka wote. Baba mkubwa akauliza, "Unamwambia nani hapana?"

"Mayu alisema tusitawanyike."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kwa kilio. "Kichwa cha baba yako hiki. Haya, kaeni. Ukishindwa, njia ya kwangu unaijua."

Hata leo ningesema hapana ileile. Lakini ng'ombe aliwachukua, maana watoto hawawezi kulinda zizi. Mwanzoni alitutumia maziwa kila asubuhi. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe walipelekwa mbali kwenye malisho, na maziwa yakaenda nao. Sikuona kama ni jambo kubwa. Akilini mwangu maziwa yalikuwa kinywaji, na chakula ni ugali. Ugali wa muhogo ulikuwepo, uji wa muhogo ulikuwepo, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ulikuwa umesimama nyuma ya mlango kama mgeni mnene. Nani angesema tuna njaa?

Shule niliiacha nikiwa darasa la tano. Sikuamua siku moja. Nilikwenda na Limi mgongoni, akalia, mwalimu akaniambia nimtulize nje. Nikamtuliza nje. Kesho yake vilevile. Kutoka nje, kupitia dirishani, niliweza kuona ubao nusu. Halafu ukaja wakati wa kutwanga muhogo, nikakaa nyumbani, na kule dirishani sikurudi tena. Mabula nilimfukuza kwa fimbo mpaka akafika darasani kila siku.

Limi akaanza kunenepa.

Mashavu yalijaa kwanza, halafu miguu, halafu tumbo. Nywele zake nyeusi za kipilipili zikalainika, zikawa na rangi ya kutu, na watoto wenzetu wakamzunguka kuzishika. "Nywele za Kihindi!" wakasema, maana mtoto wa mwenye duka pale senta alikuwa Mhindi. Na akawa mtulivu ajabu. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, utamkuta palepale mchana, amekaa, anatazama mikono yake. Jogoo akiwika hageuki. Nilisema amepata adabu.

Jirani yetu Mama Kulwa, aliyekuwa na ulimi wa kuchekesha hata msibani, alikuwa akipita kwetu akienda kisimani. "Mwangaluka, Mama Limi!" alinisalimu kwa Kisukuma. Hilo la Mama Limi alinipa kwa utani, likanishika. "Hebu nione huyu mtoto. Tazama mashavu! Kama karani wa pamba! Unamlisha nini?"

"Uji tu, mama."

"Uji gani huo? Na mimi unipe ninenepe, mzee wangu anitazame tena." Akamfinya Limi shavu. "Una mkono wa kulea, binti. Kuna wanawake watu wazima hawana mkono huo."

Nilishinda siku nzima nikilirudia neno lile. Jioni nikimwogesha nilikuta uzi umeacha alama kwenye ngozi. "Inua mikono, Limi," nikamwambia. Akainua. Nikafungua fundo la mama, nikaurefusha uzi kidogo kwa ule mkia, nikafunga. "Umekua!" nikamwambia, nikampigia makofi. Baadaye ukabana tena, nikaurefusha tena. Akazoea: nikigusa ushanga tu, mikono juu. Na kila nilipourefusha nilikwenda kwenye kaburi la mama nyuma ya nyumba, nikamweleza. "Mayu, uzi umebana." Nilirudi kutoka kule nikiwa nimenyoosha shingo, kama mtu aliyepewa zawadi shuleni.

Nadhani ningeendelea kumpelekea mama habari zile njema mpaka nikamzika mtoto wake pembeni yake, kama Mabula asingejikata mguu kwa jembe.

Nilimfunga kitambaa, nikambeba Limi, tukaenda zahanati, Mabula akichechemea na kulia njia nzima. Nesi alikuwa mwanamke mnene wa huku huku kwetu. Alianza kukifungua kile kitambaa, halafu macho yake yakapanda mgongoni mwangu na mikono yake ikasimama.

"Mshushe huyo."

"Mgonjwa ni huyu, mama. Jembe limemkata."

"Nimesema mshushe."

"Lakini ninayetoka damu ni mimi!" Mabula akapaza sauti.

"Wewe inakutoka kwa sababu unayo. Kaa hapo usubiri."

Alimlaza Limi mezani. Akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wake, akakishikilia kidogo, akakiondoa. Shimo lilibaki pale pale, kama umebonyeza donge la unga uliokandwa. Sikuwahi kuona mwili wa mtu ukifanya hivyo. Nesi akaniuliza kama naona.

"Amenona, mama," nikasema.

"Hajanona. Amevimba. Mtoto huyu ana njaa."

Nilikasirika mpaka nikasahau heshima. "Anashiba kila siku! Tumbo si hili hapa? Na uzi umebana, tazama!" Nikamwonyesha ule uzi, na ule mkia wake uliokuwa umebaki mfupi kama kucha. Nesi aliushika ushanga wa buluu kati ya vidole viwili. Akautazama, akanitazama na mimi kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mama yenu yuko wapi?"

Nikamwambia.

Alivuta kigoda akakaa, akaacha Kiswahili, akaanza kusema nami kwa Kisukuma, taratibu. Akasema tumbo linashiba muhogo lakini mwili unabaki na njaa yake, na mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla hupatwa hivyo. Akasema ule utulivu si adabu, ni mtoto anayezimika. Ugonjwa wenyewe unaitwa unyafuzi. "Apate maziwa," akasema.

"Ng'ombe wako mbali, malishoni."

"Mayai?"

Nilishangaa mtu mzima kuuliza vile. "Si atakuwa bubu? Mtoto akila yai kabla hajasema, hasemi." Mayai yetu tulikuwa tukibadilishana na chumvi dukani. Kuku watatu walikuwa wakitaga chini ya kitanda tulichokilalia.

Nesi alivuta pumzi. "Karanga?"

Mabula, akiwa bado ameushika mguu wake, akajibu, "Zipo. Kibuyu kizima."

"Ni za mbegu," nikasema haraka. "Mbegu hailiwi."

Hakunikemea. Aliniita mwanawe, akaniuliza tu, "Mtazipanda lini, ng'wana wane?"

"Mvua ikija."

"Zikiota, zikakomaa, ukazing'oa, atakula nani?"

Nikamtazama Limi pale mezani. Alikuwa na macho wazi, lakini hakuwa akitazama chochote.

Jioni ile nilikishusha kibuyu. Pale mdomoni vidole vitatu vya mama vilikuwa vimekauka kuzunguka pande zote, hata mistari ya ngozi yake ilionekana ukiinamisha kwenye mwanga wa moto. Nilijaribu kuutoa mfuniko ule mzima, nikipitisha ncha ya kisu polepole pembeni. Ukaachia upande mmoja, nikafurahi, halafu ukapasuka na kumwagika vipande vipande mapajani mwangu. Mabula alikuwa akinitazama. Nikabangua karanga, nikazikaanga, nikazitwanga, harufu ikajaa nyumba nzima kama siku ya sikukuu, na mimi nalia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Limi hakutaka kula. Nilikuwa nikimpaka uji wa karanga hizo kwa kidole ndani ya shavu, anameza kidogo, nampaka tena. Mabula alilamba kinu mpaka kikang'aa. Na mayai nilimpa pia, kwa siri, nikimsikiliza kila asubuhi kama sauti imekwisha kukatika.

Halafu likatokea lile lililonitisha kuliko yote. Uvimbe ulianza kushuka. Mashavu yakaanguka, mbavu zikatokeza, miguu ikawa vijiti. Siku moja nilimsimamisha kumwogesha, uzi ukateleza wenyewe kiunoni, ukapita mapajani, ukaanguka kwenye maji. *Ukilegea, usikae, ita watu.* Nikamwita Mama Kulwa. Alikuja mbio, akamwona Limi, akashika kichwa.

"Umemfanya nini mtoto? Si juzi tu alikuwa amenona?"

"Nesi alisema atakonda kwanza."

"Nesi! Nesi ndiye aliyemzaa?" Macho yake yakapanda juu ya mafiga, pale kibuyu kilipokuwa kikining'inia. "Kibuyu cha mama yenu kiko wapi?"

Habari ilizunguka kijiji kabla ya giza. Wakasema nimekula mbegu ya marehemu, naye amekasirika, anamvuta mwanawe. Baba mkubwa alikuja, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa umeshindwa?" Nikamjibu bado. Sikuwa na hakika. Sikwenda tena nyuma ya nyumba, maana sikuwa na habari ya kumpelekea mama. Nilichokuwa nacho ni neno la mwanamke mmoja mwenye kidole gumba, dhidi ya neno la mama yangu, na uzi wake, na kijiji kizima. Nikaendelea kutwanga.

Asubuhi moja Limi alilia. Si kule kunung'unika kwa paka, alilia kwa hasira, mdomo wazi, akipiga mkeka kwa miguu, kwa sababu Mabula alishika bakuli lake. Nilikaa chini palepale. Sijawahi kusikia kilio kizuri vile.

Mvua zilipokuja hatukuwa na mbegu. Mama Kulwa alipita njiani na ungo kichwani, akaushusha mlangoni kwetu bila salamu. "Chukua, Mla Mbegu," akasema, "ukapande. Na hizi usipozipanda nitakuja kukuchapa." Jina hilo bado ninalo kule. Wazee wachache waliobaki, wakiniona, huuliza, "Mla Mbegu hujambo?" na mimi huitika.

Kwa hiyo Limi hakufa. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na watu wengi huimalizia hapo.

Lakini alitembea wakati wenzake wanabeba vibuyu vya maji. Alisema akiwa amechelewa sana, na watu wakatoa hukumu kwamba ni yale mayai. Hakumwiga jogoo tena, hata siku moja. Nilikuwa nikificha kijiko nyuma ya mgongo na kungoja azunguke, naye ananitazama usoni, ananicheka, kijiko amekisahau. Shuleni alikaa darasa la kwanza mpaka wadogo wa wenzake wakampita, akipenda kuimba na kufagia, herufi zikimtoka kichwani kila zilipoingizwa. Mwisho mwalimu aliniita akaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani. Nilisimama upande wa ndani wa dirisha lile nililokuwa nikilitazama kutoka nje. Nilikuwa nimengojea kuliona darasa kwa macho yake.

Mabula ni mrefu. Akiingia kwangu huinama mlangoni. Ni tumbo lilelile la mama, ni mafiga yaleyale, tofauti yao ni kwamba yeye aliyanywa maziwa ya ng'ombe wa baba mpaka meno yakaanza kung'oka, na Limi alimnyonya mama anayekufa, kisha akanywa uji wangu. Limi ananifika kwenye kwapa.

Nilipokuja kuzaa wangu, tulikuwa tukikalishwa kwenye mabenchi kliniki, tunafundishwa kuchanganya uji. Siku moja mfundishaji akasema kwamba miaka ile ya kwanza ndiyo msingi wa mwili na wa akili, na kinachokosekana pale mtu hulishwa baadaye asikipate chote tena. Akasema kwa sauti ya kawaida, akaendelea na habari za dagaa. Nilitoka nje nikasimama juani, mtoto wangu mnene kweli akiwa mgongoni.

Watu wananiambia nisijilaumu, na kweli sijilaumu. Nilikuwa mtoto, nikafanya kila nililoambiwa na mama. Ila kutojilaumu si kutojuta. Ninajuta kwamba kiangazi kizima tulilala njaa ile chini ya kibuyu na juu ya mayai. Ninajuta kwa mwalimu yule ambaye mama alimwona akitambaa kuzunguka mgongo wangu, akitafuta kijiko. Sijui alikwenda wapi. Limi niliye naye ninampenda. Anabangua karanga kuliko mtu yeyote mtaani, anaimba kwaya bila kitabu, na kila asubuhi anakula yai lake la kuchemsha akiniangalia kama tumelikomoa pamoja. Ninamlilia mwingine, aliyekuwa ndani yake.

Fundi alipomaliza kupima aliweka kitambaa changu mezani, akakikunjua, akashangaa.

"Mama, hiki ni kingi. Gauni la mwanao halitakula hata nusu. Dukani wamekukosea."

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Hawakunikosea. Ni mimi niliyesema hivyo."

Ndivyo ninavyosema kila mwaka. Mwenye duka akiniuliza ni cha nani, ninamwambia ni cha mwanamke mtu mzima, na ulimi wangu unataja kipimo cha mtu wa kimo changu, au kumzidi kidogo, maana mama alikuwa mrefu. Sanduku langu limejaa mabaki.

"Kitakachobaki nikufanyie nini?"

"Kikunje tu. Nitaondoka nacho."

Akaanza kukunja. Limi alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, mikono juu, macho ameyafumba, akingoja.

"Shusha mikono, Limi. Tumemaliza."

Akafumbua jicho moja. "Nimekua, dada?"

Fundi aliacha kukunja. Pini zilikuwa bado midomoni mwake.

"Umekua," nikamwambia, nikampigia makofi.